Usiku Thelathini wa Ziada

Kifungu kinachoamua hatima ya fedha za mgeni aliyekodi nyumba Voi kwa miezi miwili ni kifupi kuliko salamu za wazee wa Taita. Katika Airbnb, sera thabiti ya makazi marefu, kama ilivyokuwa ikisomeka miaka hii ya karibuni, inasema mambo matatu. Ukighairi siku 30 au zaidi kabla ya kuingia, unarudishiwa zote. Ukighairi baada ya hapo, unalipia kila usiku uliolala pamoja na usiku 30 wa ziada. Na ikiwa usiku uliosalia haufiki 30, unalipia wote uliosalia. Basi.

Maandishi ya namna hii husomwa siku mambo yakishaharibika, na msomaji wake huwa anatafuta tarakimu tu. Mimi nimeyasoma kwa macho tunayosomea hadithi fupi: nani anasimulia, wakati unapimwa kwa kipimo gani, mhusika yupi ametajwa na yupi amefichwa. Ukiyasoma hivyo unaona kwamba fani yake si moja. Ni tanzu mbili zilizoshonwa pamoja, mkataba wa hoteli na mkataba wa upangaji, na mshono umepitishwa pale hasa ambapo mgeni anayetaka kutoka atajikwaa.

Voi inazijua tanzu zote mbili. Mji umekaa kwenye barabara kuu, takriban kilomita 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi, na lango la Mbuga ya Tsavo Mashariki liko jirani. Ukielekea Taveta unapita hoteli za watalii za Taita Hills, ikiwemo ile ya Salt Lick ambayo vyumba vyake vimesimama juu ya nguzo ili wageni watazame ndovu wakinywa maji chini yao. Huko mkataba ni wa usiku. Unalipa, unalala, unaondoka. Chumba hakikuwa chako hata dakika moja. Nyuma ya barabara hiyo hiyo, mitaani, kuna nyumba za kupanga za walimu, wafanyakazi wa reli na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Huko mkataba ni wa mwezi. Kuna dipoziti, kuna keateka mwenye funguo, na kuna notisi.

Katikati ya hizo mbili imezuka nyumba ya tatu: ina samani, ina intaneti, inakodishwa kwa mwezi au miezi kwa mtu ambaye hahamii. Ni fundi aliyeletwa na kandarasi, mtafiti wa misitu ya Ngangao na Mbololo, jamaa walio ng'ambo wanaotaka kukaa karibu na wazee wao tangu Desemba hadi Februari bila kuwabana nyumbani. Nyumba hii haina utanzu wake, kwa hiyo maandishi yake yanaazima.

Tazama yanavyoazima. Mgeni anaingia kama mgeni wa hoteli: analipa kabla hajaona mlango, anahesabiwa kwa usiku, hana haki yoyote ya mpangaji. Akitaka kutoka kabla ya wakati anageuzwa mpangaji ghafla, kwa sababu anadaiwa siku 30, na siku 30 si lugha ya hoteli. Ni lugha ya notisi. Lakini notisi ya mpangaji ina uhai ndani yake. Katika zile siku 30 mpangaji bado analala mle, anapika, anafunga mizigo taratibu, na mwenye nyumba anapata muda wa kuleta watu waione nyumba. Kifungu chetu kimechukua gharama ya notisi na kuacha maisha yake. Kughairi ni kuiacha nyumba. Usiku 30 unaofuata unalipiwa na mtu ambaye hayumo.

Sasa zije tarakimu, maana hapa ndipo fani inapojificha. Sera ya makazi marefu huanza kutumika usiku ukifika 28. Adhabu ni usiku 30. Weka hizo mbili pamoja uone: adhabu ni ndefu kuliko makazi yenyewe. Mtu aliyekodi Februari nzima, usiku 28 kwa shilingi 1,500, amejifunga kwa shilingi 42,000, tukiacha ada nyingine kando. Akighairi siku kumi kabla ya kuingia, hajalala hata usiku mmoja, anadaiwa 30 ilhali upo 28 tu, basi anadaiwa zote. Akiondoka baada ya usiku wa tano, umebaki 23, haufiki 30, anadaiwa zote. Kwa mgeni wa mwezi mmoja ngazi zile tatu ni pambo. Kuna kabla ya mstari, na kuna baada ya mstari, na baada ya mstari hakirudi kitu. Lau kifungu kingesema hivyo waziwazi, kingekuwa kikali lakini kinyoofu. Kimechagua umbo la ngazi, na macho ya msomaji yakiona ngazi yanaamini kuna kushuka kidogo kidogo.

La ajabu zaidi liko usiku mmoja nyuma. Mgeni huyo huyo, nyumba hiyo hiyo, akikodi usiku 27, hayumo tena katika sera ya makazi marefu. Anaangukia sera ya kawaida aliyoichagua mwenye nyumba, na kama ni ile nyepesi anaweza kughairi hadi siku moja kabla ya kuingia na kurudishiwa zote. Usiku mmoja umebadilisha utanzu mzima. Sijaona shairi ambalo mizani moja ya ziada inaligeuza kuwa tenzi, lakini hapa ndivyo ilivyo.

Kwa mgeni wa miezi miwili hesabu inageuka tena. Usiku 60 ni shilingi 90,000. Ameondoka baada ya usiku 12: anadaiwa 12 na 30, yaani 42, yaani 63,000. Lakini malipo ya makazi marefu hukusanywa mwezi baada ya mwezi, na mwanzoni alilipia mwezi wa kwanza tu, tuseme 45,000. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kusoma sera ya kurudishiwa fedha anagundua kwamba ndiye anayedaiwa 18,000. Kichwa cha maandishi kinaahidi hadithi moja na tumbo linasimulia nyingine.

Si nyumba zote za Voi zinapitia Airbnb. Nyingi hukodishwa kwa simu, WhatsApp na M-Pesa, na huko mkataba ni ujumbe mmoja. Nautunga hapa kama mfano, maana yeyote aliyewahi kutafuta nyumba ukanda ule ataitambua sauti yake: "Asante mama, nyumba iko. Ya mwezi ni 40, utume nusu kama arbuni, ukifika unamalizia. Ukikensel arbuni hairudi. Karibu sana."

Ni maandishi mazuri kwa kiasi chake. Yana salamu, yana heshima, na yana nafsi ya pili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikiliza "ukifika unamalizia": safari imeshahesabiwa kuwa itafanyika, na malipo yamefuata nyuma yake kama jambo la kawaida. Lakini sikiliza pia "arbuni hairudi". Mwenye nyumba hakusema "sitarudisha". Hakusema hata "hairudishwi", ambayo ingeacha kivuli cha mtu anayekataa. Fedha yenyewe imefanywa mtenda. Ina miguu, imekwenda, na imeamua isirudi. Kila mtu ametoka nje ya sentensi. Hapa ujumbe wa WhatsApp na sera ya kampuni kubwa vinakutana, kwa kuwa sera nayo husema tu kwamba kiasi fulani hakirejeshwi. Ila mwenye nyumba wa Voi ameificha nafsi yake katika kitenzi kimoja tu. Kampuni haikuwahi kuwa na nafsi tangu sentensi ya kwanza.

Kitenzi kingine kinachostahili kuangaliwa ni kughairi chenyewe, na hasa mtendaji wake. Katika kifungu, anayeghairi ni mgeni. Sasa chukua jambo ambalo Voi inalijua vyema: maji. Bomba linalotoka chemchemi za Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado mitaa ya Voi iliyo karibu na njia yake hukaa siku nyingi ikitegemea mikokoteni na bouza. Mgeni amekodi miezi miwili, mifereji imekauka wiki ya pili, tangi la nyumba limekwisha, anafunga mizigo. Nani ameghairi? Kisarufi, yeye. Alibonyeza yeye. Kuna kifungu kingine, mbali na hiki, kinachomruhusu kudai kwamba nyumba ilikuwa na kasoro, nacho kina saa yake: awe ameripoti ndani ya saa 72 tangu alipoligundua tatizo. Lakini ukosefu wa maji hauna saa ya kugunduliwa. Siku ya kwanza unasema yatakuja usiku. Siku ya pili keateka anasema kesho. Siku ya tatu umeshazoea ndoo. Masimulizi ya kifungu yanataka tukio, lenye mwanzo na mhuri wa wakati. Maisha ya nyumba yanatoa hali, inayozidi kidogo kidogo mpaka mtu anachoka. Mgeni mpole, aliyevumilia kama alivyofunzwa kwao, ndiye anayeshindwa.

Upande wa mwenye nyumba nao una haki yake, na sitaki kuupita haraka. Nyumba ya Voi haigombaniwi kama nyumba ya Diani. Aliyeifunga kwa miezi miwili amewakatalia wengine waliopiga simu, pengine wale wa Desemba ambao hawarudi tena Januari. Mwezi mtupu katika mji kama huu unaweza kukosa kabisa mtu. Kwa hiyo sina ugomvi na wazo la fidia. Ugomvi wangu ni na namna ilivyoandikwa: fidia imepewa urefu mmoja usiobadilika, kana kwamba kila mwezi ni mtupu sawa na mwingine, Agosti na Mei.

Mwaka 2020 ulikifungua kifungu hiki kikaonekana matumbo. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa eneo la Nairobi, na siku mbili baadaye zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Tazama ramani: Taita Taveta haikufungwa. Nyumba za Voi zilikuwa wazi, vitanda vimetandikwa, na barabara imefungwa pande zote mbili, juu na chini. Treni ya abiria ilisimama mwanzoni mwa Aprili ikarudi tarehe 13 Julai, wiki moja baada ya vizuizi vya kaunti kuondolewa. Kwa miezi mitatu mgeni wa Nairobi na nyumba ya Voi vilitenganishwa na amri ambayo haikumtaja yeye wala nyumba.

Kifungu cha usiku 30 hakikuwa na la kusema. Hakijui barabara. Airbnb ikaandika jingine juu yake: aliyekuwa amekodi kufikia tarehe 14 Machi 2020, kwa kuingia ndani ya muda uliotajwa, arudishiwe fedha zote bila kujali sera ya mwenye nyumba. Kigezo kilikuwa tarehe ya kalamu. Aliyekodi tarehe 13 aliokolewa. Aliyekodi tarehe 20, kabla Nairobi haijafungwa, alihesabiwa kuwa alijua. Kwa mwenye nyumba maamuzi hayo yalikuja kama radi, na tarehe 30 Machi mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaandikia barua ya kuomba radhi kwa kuwaamulia bila kuwashauri, akatangaza dola milioni 250 za kuwafidia. Kwa msomaji wa fani, barua hiyo ina mvuto wa pekee: nafsi ya kwanza inajitokeza, mtu anasema na watu. Halafu zinakuja tarakimu. Fidia ilikuwa robo ya kile ambacho sera ya kughairi ingempa mwenye nyumba. Kwa mwezi wetu wa shilingi 42,000, hiyo ni 10,500. Sauti ilikuwa mpya, lakini kipimo kilikuwa kile kile cha zamani, kimekatwa mara nne.

Kisa cha kulinganisha kiko London, nacho kina zaidi ya karne. Mwezi Juni 1902 bwana aitwaye Henry alikodi vyumba vya bwana mwingine, Krell, katika mtaa wa Pall Mall ili atazame maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Bei ilikuwa pauni 75, akatoa pauni 25 mbele. Mfalme akaugua, akapasuliwa, sherehe zikaahirishwa. Krell akadai pauni 50 zilizobaki. Katika barua walizoandikiana hapakuwa na neno hata moja kuhusu kutawazwa. Ni vyumba, tarehe na bei. Lakini Mahakama ya Rufani, mwaka 1903, ilikataa kuishia kwenye karatasi. Ilitazama dirisha linaloangalia wapi, tarehe ni zipi, na jambo moja ambalo mhakiki yeyote angelirukia: vyumba vilikodiwa kwa mchana wa siku mbili, bila usiku wake. Nani hukodi vyumba asilale? Umbo la makubaliano lilisema yale ambayo maneno yake yalinyamazia. Henry hakulipa zile pauni 50, na dai lake la kurudishiwa 25 hakuliendeleza.

Misingi ya sheria ya mikataba ya Uingereza ndiyo iliyopokelewa Kenya kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kwa hiyo kisa hicho si ngano ya mbali. Lakini linganisha fomu. Barua za Henry zilikodi mchana bila usiku, na upungufu huo ukawa ushahidi. Sera zetu zinakodi usiku bila mchana. Kila mgeni anafanana na kila mgeni; usiku hauna dirisha. Mtafiti anayekuja Wundanyi, ambako Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti, anahitaji leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla hajagusa jani. Leseni ikichelewa, hana sababu ya kuwa Taita mwezi ule. Fomu ya kukodi ilimuuliza watu wangapi na usiku ngapi. Hapakuwa na mstari wa kusema anakuja kwa nini, na mahakama ikiletewa karatasi hiyo itasoma nini? Usawa wa fomu, unaoonekana kama adabu ya kutomdadisi mtu, ndio uliofuta ushahidi wake.

Sheria za hapa zinaukaribia ufa huu bila kuuziba. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba yenye samani na intaneti imekipita zamani. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inataka utata wa mkataba usomwe kwa faida yake. Hiyo ni kanuni ya usomaji, na kama mhakiki naiheshimu mno. Ila inafanya kazi mahali penye utata. Kifungu cha usiku 30 hakina utata hata chembe. Kina ukimya, na ukimya haujapewa kanuni.

Ukimya mkubwa kuliko wote unamhusu mhusika mmoja ambaye hadithi nzima inamzunguka bila kumtaja: mgeni anayefuata. Usiku 30 ule umewekwa kwa sababu yake, kwamba huenda asipatikane. Basi akipatikana je? Mgeni aliyeondoka baada ya usiku 12 amelipia hadi wa 42. Nyumba ikipata mtu usiku wa 16, usiku 27 unalipwa mara mbili, na hakuna sentensi inayomzuia mwenye nyumba wala inayomlazimu kurudisha. Mhusika huyu akiandikwa ndani, kifungu kinabadilika chote: fidia inakuwa ya usiku uliobaki mtupu kweli, na urefu wake unaamuliwa na Voi, si na makao makuu ya San Francisco.

Na kuna watu wanaomwandika. Rudi kwenye simu, kwa mwenye nyumba yule wa arbuni. Mara nyingi ujumbe huwa na mstari wa pili, unaotumwa mgeni akishasema amepata shida hawezi kuja: "Pole sana mama. Nikipata mtu nitakurudishia." Ukiacha pole, ni maneno matatu. Yana nafsi ya kwanza mara mbili, yana sharti, yana kitenzi cha kurudisha chenye mtu wa kurudisha na mtu wa kurudishiwa, na yana yule mtu aliyekosekana katika sera nzima. Kwa fani, hiki ndicho kifungu bora cha kughairi nilichokisoma.

Kwa nguvu ni dhaifu, hilo sibishi. "Mtu" ni nani, akilipa nusu bei je, na aliye Nairobi atajuaje kwamba amepatikana? Katika nyumba iliyo mtandaoni jibu la swali la mwisho lipo hadharani: kalenda. Mgeni aliyeondoka anaweza kuifungua na kuona tarehe zake mwenyewe zimezibwa tena. Anaweza kupiga picha ya skrini. Kitakachomshinda ni kupata mstari wa mkataba wa kuiambatanishia picha hiyo.